Sifa Nilizowapa Majirani

Nimeishia darasa la saba, na huenda haya sikuyaelewa sawasawa. Nasema nilivyoona.

Katika karakana yangu ya madera hapa Bofu nilikuwa na fundi mmoja, binti wa miaka thelathini na kitu. Nguo za maharusi nilimwachia yeye, mkono wake hauna mfano. Nami nimelelewa kwamba mtu hasifiwi usoni; sifa huvuta kijicho, kazi ikaharibika. Aliyenifunza cherehani hakunisifu hata siku moja. Nilijua ameridhika kwa kuwa alinipa vitambaa vya ghali. Basi nami nikampa binti vitambaa vya ghali.

Asubuhi moja akasimamisha cherehani. "Mama, kazi yangu waionaje?"

"Si unashona?"

"Nashona. Nauliza ni nzuri ama vipi."

Fundi mwenzake, mtu mzima kama mimi, akadakia, "Ngoja tukupigie vigelegele, bi harusi." Tukacheka. Naye akacheka, akarudi kushona. Nikadhani yamekwisha.

Kwa jirani nikasema vijana wa siku hizi wataka kubembelezwa. Lakini niseme haki: hakuomba nyongeza wala likizo, aliomba neno. Na akichelewa alituma ujumbe mapema, jambo ambalo sisi wakubwa hatulifanyi.

Baada ya Idi alikuja na mama yake, wakaniamkia vizuri, akasema amepata karakana nyingine Kisauni. Nikamwuliza wamemwahidi nini.

"Hawajaahidi kitu. Waliona picha za nguo zangu kwenye simu, wakasema ni nzuri."

Hapo nikasema na mimi. Kwamba hakuna aliyewahi kushona hapa kama yeye, mashallah, na kwamba wateja wa mtaa wa Shika Adabu niliwapata kwa kumsifu yeye.

Mama yake akasema, "Hayo niliyasikia sokoni. Nilipomwambia, hakuamini."

"Ningeyasikia kwako, mama," binti akaniambia, "ningeamini."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshawapa watu ahadi."

Sikuweza kumlaumu. Angeivunja kwa ajili yangu, nisingemwamini tena.

Cherehani yake sasa anaikalia binti mwingine wa rika lake. Juzi nilimwambia pindo limekaa vizuri. Neno lilinitoka kwa shida, akainua uso, ameingiwa na wasiwasi.

"Kwani kuna kosa, mama?"