Dawa ya Rejeta

Mkwe wangu akichemsha tangawizi jikoni, mimi hutoka nje. Yeye hudhani mvuke unanisumbua kifua, nami sijawahi kumsahihisha. Wewe msomaji nitakueleza. Tangawizi iliyochemka, ikichanganyika na harufu ya chuma cha moto, ndiyo harufu ya jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya nikiwa na miaka minane.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nasi tulikaa Kabiria, pembezoni mwa Nairobi. Baba yangu alikuwa na gari, jambo la ajabu kwa mtu mweusi siku hizo. Alikuja Nairobi kutoka magharibi akawa dereva wa Mzungu mmoja, na Mzungu huyo alipofunga virago kurudi kwao, baba akabaki na gari lake jeusi, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Akalifanya la kukodi. Liliombewa kila Jumapili, na nadhani Mungu alilijua kwa jina.

Mwaka huo rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ilianza kuvuja. Kila asubuhi tulikuta kidimbwi chini ya pua ya gari, na kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya bampa, kufungua kifuniko na kuongeza maji kutoka kwenye debe. Mwaka huo huo mama alikuwa mjamzito. Baada yangu alikuwa amepoteza mimba mbili, na dresa, mhudumu wa zahanati, alimwambia wazi kwamba huyu asizaliwe nyumbani. Hospitali ilikuwa mjini, mbali. Hivyo mtoto yule alilitegemea gari lile, na gari lilikuwa linavuja.

Baba akanichukua tukaenda kwa fundi wake, Athumani, mtu wa Mombasa aliyekuwa na karakana nyuma ya maduka ya River Road. Kofia yake ya kiua ilikuwa imelowa grisi hata maua yake hayaonekani.

"Yohana, gari lako lakojoa kama mtoto mchanga," alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

"Basi lifunge nepi."

Athumani alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hii yataka kuchomwa. Niitoe, niipeleke kwa Kalasinga wa Parklands aitie lehemu, niirudishe. Siku nne."

"Siku nne sina, bwana. Mama wa huyu Zakayo ni wa leo kesho. Nitilie ile dawa ya kopo."

"Ile haitibu, Yohana, yadanganya tu. Yaziba tundu, na ikikosa tundu yaziba njia ya maji."

"Danganya mpaka mtoto azaliwe. Halafu uichome hata wiki nzima."

Athumani alitikisa kichwa, akachukua kopo la unga wa kahawia unaonuka tangawizi, akatia kijiko kimoja. Kopo akampa baba. "Ikizidi kuvuja, kijiko cha pili. Cha tatu usithubutu."

Kidimbwi kilipungua, lakini hakikuisha. Asubuhi bado kulikuwa na matone, manne au matano, nami niliyatazama kama mtu anavyotazama nyoka. Na hapa ndipo neno moja lilipotuponza. Wangeliita kopo lile unga, au gundi, pengine ningeliacha. Lakini watu wazima wote waliliita dawa, na habari za dawa nilizijua. Mwaka uliotangulia niliugua homa, mama akaacha kuninywesha dawa nilipopata nafuu, homa ikarudi, na dresa akamgombeza mbele ya foleni nzima: "Mama, dawa humalizwa! Ukiiachia katikati, ugonjwa unarudi na hasira!"

Baba alipokwenda kisimani, nilipanda juu ya bampa nikamimina kopo zima. Nikakoroga kwa kijiti, kama uji. Kopo nikalitupa chooni.

Kesho yake hapakuwa na tone hata moja. Baba alipiga magoti akapapasa udongo mkavu, akamwita mama aje aone. "Athumani ni fundi," alisema, "ila ni mwoga." Nilijaa fahari hata nikashindwa kula.

Siku ya pili uchungu ukamshika mama, saa nne asubuhi. Aliketi nyuma na jirani yetu, Mama Rispa; mimi nikakaa mbele nimepakata debe la maji. Tulipita Kawangware vizuri. Kwenye mlima uliofuata mvuke ulianza kutoka, na ile harufu ikaja, kisha injini ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Baba alifungua boneti akainama kutazama chini. Pakavu. Maji yalikuwa yamejaa, hayana pa kupita. Alisimama katikati ya barabara akipunga kofia. Magari mawili ya Wazungu yakamkwepa. Nyuma yangu mama hakupiga kelele, alikuwa akisema tu, polepole, "Yohana, twende. Yohana, twende."

Lori la kabichi lilituchukua jua likiwa utosini. Mtoto alikuwa mvulana. Hakulia.

Gari lilipokokotwa mpaka River Road, nilikwenda na baba. Athumani aliitoa rejeta, akaipindua, likadondoka tope zito la kahawia. Alilivunja kwa vidole.

"Kijiko kimoja hakifanyi hivi, Yohana. Wala viwili."

"Ulitia wewe."

"Nilitia kijiko kimoja. Nani mwingine aligusa?"

"Hakuna! Umeniulia mtoto, wewe!"

Athumani aligeuka akanitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje. Akainamisha kichwa. "Basi," alisema, "huenda nilikosea kupima. Nisamehe, ndugu yangu."

Nilifurahi. Hilo ndilo siwezi kujisamehe, kuliko hata kopo. Nilidhani amesadiki kweli kwamba alikosea, nami nimeponyoka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba alijua, na kwamba pale, kwa kunitazama mara moja, alichagua baba apoteze fundi kuliko apoteze na mwana aliyebaki. Baba alimtangaza vibaya kanisani na kwa madereva wenzake wote. Mmoja mmoja wakaacha kwenda kwake.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza sekondari, nilikwenda River Road kumwomba radhi. Pale palipokuwa karakana nilimkuta muuza vitambaa. Aliniambia fundi alirudi pwani zamani, hajui mji gani.

Baba alikuwa hai bado. Njia nzima ya kurudi Kabiria niliyapanga maneno. Nilimkuta mezani anakula, akanisogezea sahani bila kuinua macho. Nikanawa mikono, nikala naye. Alikufa akiamini ni Athumani.