Mikuki Mitano Kilimani Manga

Leo sokoni nimenusa ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, nikajikuta tena kwenye kilima cha Manga, tukicheza vita vya mababu zetu na Wazungu. Shida ilikuwa moja: hakuna mtoto aliyetaka bunduki. Nilihesabu mara mbili. Wenye mikuki ya mabua kumi na mmoja, Mzungu mmoja, naye analia.

Nyanya, ambaye babake aliuawa katika vita hivyo, aliacha jembe akaja.

"Mnadanganya. Waliobaki kilimani walikuwa wachache. Wanne washike mikuki, wengine bunduki."

"Tuwe sita, Nyanya," nikasema, maana sikuwa kati ya wanne aliowanyooshea kidole.

"Wanne."

"Watano basi, na mimi nitakufa wa kwanza."

"Watano. Lakini wewe, mama, utakufa wa mwisho."

Ndulele, yale matunda madogo ya manjano ya kando ya njia, ndizo zilizokuwa risasi, zikanyesha. Wenzangu wote wanne wakaanguka. Nikasonga mbele peke yangu na ngao yangu ya ngozi, moyo ukidunda, nikipiga kelele, mpaka moja ikanipata kifuani. Nikaanguka. Nyanya akapiga vigelegele, akaniita kwa jina la babake.

Wale saba walioshinda hawakupigiwa hata kimoja.