Zambarau ya Saturnino

Kila jioni aliporudi kutoka sokoni, kabla hata hajaosha sufuria la uji wa mahindi ya zambarau aliokuwa akiuza, Eduviges aliwasha mshumaa mbele ya picha ya marehemu mumewe, Saturnino. Kando ya mshumaa, ndani ya glasi, ilisimama kalamu yake ya wino, na wino ndani kama Saturnino alivyouacha.

Pale mjini Sucre watu walimjua Saturnino kwa kadi za Komunyo ya Kwanza. Aliandika majina kwa rangi aliyoichanganya mwenyewe, bluu na nyekundu, akaongeza na kupunguza mpaka ikafanana na uji wa mkewe.

"Mtu akisoma jina lake asikie njaa," alikuwa akitania.

Wajukuu wote walikuwa na kadi ya rangi hiyo, isipokuwa Nicanora, kitinda mimba, ambaye zamu yake ilikuwa Jumapili hii. Babu alikufa bila kumwambia mtu vipimo vyake. Kilichobaki ni wino uliomo kalamuni.

Ijumaa Eduviges aliijaribu. Ikaandika nyeusi, tena nzito, inakwaruza.

"Mumeo huyo kavaa nguo za msiba," akasema jirani yake Tomasa. "Au kanuna. Yule muuza viazi si anakuchekea sana siku hizi?"

"Nyamaza wewe, utaoza mdomo!"

Wakacheka. Lakini neno lile la kununa lilimkaa moyoni. Kesho yake asubuhi alichukua chupa ya maji ya baraka, akatia matone ndani ya kalamu, akasali ili marehemu atulie. Wino ukageuka kijivu, ukaganda vipande vipande.

Akaikimbiza kwa Fructuoso, fundi wa kalamu. Fundi akaifungua, akaitazama, akanusa.

"Mama Eduviges, ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kwenye altare ya marehemu, nyumbani. Karibu na mshumaa, asikae gizani."

"Ndiyo hivyo. Joto limekausha maji, rangi ikabaki imesongamana, ukaona nyeusi. Ila wino wenyewe ulikuwa mzima."

"Na sasa?"

"Umetia nini humu?"

"Maji ya baraka."

Fundi akakuna kidevu. "Padri huyatia chumvi, mama. Chumvi ndiyo iliyoigandisha rangi." Akaiweka kalamu mezani. "Ungenipitia jana, tone la maji matupu lingetosha."

Eduviges akaketi kwenye kiti cha wateja. Mishumaa yote ile, na yeye akidhani anamtunza.

"Niioshe?" fundi akauliza.

"Ioshe tu, baba."

Akaizamisha kwenye kikombe cha maji safi. Vipande vikashuka, vikaanza kuyeyuka, na maji yakawa zambarau. Ileile, ila hafifu.

"Usimwage!"

Eduviges akatoa kadi tupu ya mjukuu kwenye kikapu chake, akachovya ncha ya kalamu kikombeni, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake uliopinda: Nicanora. Herufi mbichi zilikuwa na rangi. Zilipokauka, zilibaki kama alama ya jasho kwenye kitambaa.

Jumapili baada ya misa, Nicanora, katika gauni lake jeupe, aliinua kadi juani.

"Bibi, mbona yangu haina jina?"

"Tazama vizuri. Ni wino wa babu yako."

Mtoto akaigeuza kadi huku na huku. Akamtazama bibi yake usoni.

"Aa, naliona, Bibi," akasema, na Eduviges akajua kwamba halioni.