Kifurushi cha Fundo

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika tangu siku alipofunga kamba za viatu vya mwalimu kwenye mguu wa meza. Akaitwa Fundo, na jina likamganda.

Mama yake, fundi cherehani, alishinda na mkasi shingoni. Uzi ukijisokota, kacha! Mfuko wa unga ukigoma kufunguka, kacha! Fundo alipopata kazi ya ubaharia, alirudi likizo na mafundo ya kila namna. Akafunga kamba ya kuanikia nguo, akafunga pazia la jikoni, akafunga mpaka mfuniko wa sufuria.

"Mama, mkasi ni silaha ya wavivu," alisema.

"Na hiyo suruali uliyovaa imeshonwa na mvivu gani?"

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini siku ya kuagana Mama aliahidi, "Ukirudi na mafundo yako, nikikata niite mvivu mbele za watu."

Vita vikapamba moto. Meli yake, iliyobeba nafaka, ikapigwa kombora ikazama naye. Fundo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama alilia hadi sauti ikamkauka.

Wiki tatu baadaye kikaja kifurushi ambacho Fundo mwenyewe alikuwa amekituma kabla ya kung'oa nanga. Kilifungwa kwa kamba, na juu yake fundo moja nene kama ngumi ya mtoto. Binti wa Mama, dada yake Fundo, akaunyoshea mkono mkasi shingoni mwa Mama. Mama akauvua upesi, akaukalia.

"Nilimwahidi kaka yako."

Akatumia sindano, akatumia kucha, akatumia meno. Jino lililolegea nusura libaki kwenye kamba. Binti akaangua kicheko, na Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Wateja waliofuata nguo zao wakaambiwa wasubiri. Adhuhuri fundo likaachia.

Ndani mlikuwa na kitambaa cha gauni, rangi ya samawati, na karatasi: "Mama, najua umeshakata. Mvivu wewe!"

Mama akatoka mbio mpaka barabarani, kamba nzima mkononi.

"Sikukata! Jamani, mwambieni sikukata!"

Wapita njia wakampa hongera bila kujua ni ya nini.

Kitambaa chenyewe hajakishona mpaka leo, maana gauni halishoneki bila kukata. Hujifunga tu kiunoni, na jioni hulifungua fundo lake kwa vidole, taratibu.