Koti Nililolishika Kisondela

Mimi ndiye yule mama wa saluni ya Msasani ninayechambua sinema za kutisha huku nikisuka nywele. Za siku hizi ni damu tupu, huwaambia wateja. Mtu anakatwa kichwa hata jina lake hujalijua, utamwogopea nini? Mimi huzitazama huku nakula.

Juzi tulikuwa msibani ukweni, Kisondela. Asubuhi mama mkwe akanituma majani ya migomba. "Pita nyuma, baba mkwe wako yuko mbele." Kwa Wanyakyusa mwanamke hakutani na baba wa mumewe, na miaka tisa nilikuwa nikimpisha njia.

Ukungu ulishuka mpaka migomba ikawa vivuli. Nikasikia: ko. Kimya. Ko. Kuni hazilii vile. Kisha mbele yangu akasimama mtu, uso umemezwa na ukungu, mikono myekundu hadi viwikoni, panga linachuruzika. Akaniita kwa jina langu.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nilimkumbatia mtu wa kwanza niliyemkuta, nikaficha uso kifuani kwake, nikapiga mayowe.

Wanawake wote wa msibani wakashika vichwa. Nyuma yangu akatokea shemeji na panga lake. "Majani, shemeji! Ng'ombe wa msiba tumeshamchinja, nyama tuiweke wapi?"

Nikainua macho. Uso ule sikuwahi kuutazama, lakini pua ilikuwa ya mume wangu.

Mzee akageukia pembeni, akawaambia wanawake taratibu, "Mwambieni mkwe aniachie koti."