Debe la Mafuta na Mama Mkwe

Duka la mume wangu halikuwa na dirisha hata moja. Alilijenga karibu na boma la Wajerumani hapa Songea, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, na kuta zake za udongo zilikuwa nene ajabu, kwa sababu yeye ni mtu wa Kilwa na aliamini bara yote imejaa wezi. Mlango ulikuwa mmoja, tena mfupi, na paa la nyasi lilishuka mbele yake mpaka usawa wa kifua. Ukiingia saa sita mchana hukujua umeshika nguo nyeupe ya merikani, kaniki nyeusi au ndevu za muuzaji. Basi taa ya chemli iliwaka humo tangu kufungua mpaka kufunga, na jua liko nje linawaka bure.

Mafuta ya taa yalitoka Kilwa, debe juu ya kichwa cha mpagazi, kwa wiki na wiki za kutembea. Safari moja msafara uliingia na debe moja tu, mengine yakiwa yamemwagika mtoni. Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, kisha akaapa.

"Wallahi, debe hili lisipotufikisha msafara ujao, nafunga duka. Tunarudi Kilwa kwa kaka yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mimi ni Mngoni wa hapa hapa. Vita viliwachukua baba na kaka zangu wote wawili, na mama hakubakiwa na mtu mwingine duniani ila mimi. Kumwacha mama niende pwani nisingeweza. Tangu siku hiyo nikawa mchoyo wa mafuta kumshinda hata mwenye nayo. Kila asubuhi nilitumbukiza kijiti ndani ya debe nione yamebaki vidole vingapi.

Tulianza kwa kuzima taa kila duka linapokuwa tupu na kuiwasha mteja akiingia. Viberiti vikaisha kabla ya wiki. Mume wangu akasema moto niwe nauomba kwa jirani yetu mfua majembe. Alisahau kwamba kwetu huingii kwa mtu ukachota kaa na kuondoka. Unachuchumaa, unapiga makofi ya salamu, unauliza habari za mke, za shamba, za mbuzi anayekohoa, nawe unaulizwa zako. Niliporudi na kaa langu kwenye kigae, ama kaa limekufa, ama mteja kaondoka. Siku moja mke wa askari alichoka kungoja gizani akatafuta pa kukaa, akamkalia mume wangu. Tukaamua kuweka chungu cha makaa humo humo dukani, tukawa tunauza nguo huku tunakohoa kama yule mbuzi.

Hata hivyo mafuta kwenye kijiti yaliendelea kushuka, na sababu niliijua. Ilikuwa mama yangu mwenyewe.

Kwetu mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, wala hasemi naye. Siku ya posa mume wangu aliambiwa hayo yote akayakubali mbio mbio, maana nilikuwa mzuri. Sasa mama alikuja dukani kila siku. Fimbo yake ikigonga tu mlangoni, mume wangu anazama chini ya meza ya kupimia nguo. Nawasha taa. Mama anakaa juu ya gunia la chumvi na kusema, "Hebu nionyeshe ile kaniki." Namwonyesha. Anaomba nyingine. Hanunui hata uzi, na anakaa mpaka jua linapinda.

Mwenye duka kule chini hawezi kutoka, hawezi kusema, na mafuta yake yanaungua. Alichoweza ni kunifinya mguu. Mara moja, maana yake punguza utambi. Mara mbili, zima kabisa. Nitamzimiaje mama yangu taa usoni? Kifundo changu kikavimba kwa ajili ya kubana matumizi. Siku moja akapiga chafya kubwa. Mama hakugeuza hata shingo.

"Mwambie panya wako pole," akasema.

Mafuta yalipofika vidole vitatu, uvumilivu ukanishinda. "Mama, hununui kitu! Unamaliza mafuta, na yakiisha mimi napelekwa Kilwa!"

Mama akaiweka kaniki chini taratibu.

"Sikujua, mwanangu. Huko nje jua linanipiga macho, watu wote wamekuwa moshi. Humu kwenye taa ndimo ninamokuona. Kaniki ninazo mbili, sina haja nayo. Nakuja kutazama uso wako."

Akainama, akaipuliza taa mwenyewe, akaondoka akipapasa ukuta. Nililia pale gizani kwa sauti. Mguu wangu haukufinywa.

Asubuhi yake niliamshwa na kishindo. Mume wangu alikuwa ameshika jembe jipya la kuuza, anabomoa ukuta wa duka upande wa kivulini. Alitoboa tundu ambalo wezi wawili wangepita wameshikana mikono.

"Na wezi?" nikamuuliza.

"Wataona vizuri kwamba sina kitu," akajibu bila kunitazama. "Nafanya hivi kwa ajili ya mafuta tu."

Nikaenda kumchukua mama. Nilimkalisha juu ya gunia lake, mwanga laini ukaingia na vumbi lake, nami nikakaa mbele yake. Taa haikuwashwa tena mchana. Msafara ulipoingia, debe lilikuwa na kidole kizima cha mafuta, na habari za Kilwa hazikusemwa tena.

Ila mwanga ule ulifika na chini ya meza. Mume wangu alikuwa mnene na meza ilikuwa nyembamba, makalio yote nje. Basi mama akija, mume wangu alijifunika kaniki gubigubi na kuchuchumaa pale pale, wateja wakamruka kama mzigo.

Siku ya kwanza kumwona hivyo, mama alinitazama mimi kwanza, shavu hadi shavu, bila haraka. Kisha akageukia ule mzigo mweusi.

"Mwambie huyo aliyejifunika kwamba nimekuona wewe, mwanangu," akaniambia. "Umenenepa. Mwambie ahsante."

Mila haikumruhusu mume wangu kujibu. Nikahisi vidole vikinifinya mguu, mara moja, polepole, na taa ilikuwa haijawashwa.