Yaya Amekamatwa

Duka letu la Kensington, hapa Johannesburg, tumeligawa kwa ukuta wa mbao: mbele mimi na cherehani yangu, nyuma shoga yangu wa Bukavu na viti vyake vya kusukia. Kiswahili chetu ni kimoja mpaka tunapoanza kuongea. Mimi wa Tanga nasema umeme, yeye anasema kuran, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Kwangu umeme unakupiga. Kwake kuran inakukamata. Tulikuwa tunataniana tu, hatukujua kwamba tofauti hiyo ingetaka kutuulia mtu.

Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umerudi baada ya zamu yetu ya kukatiwa. Nimesimama mlangoni nanunua magwinya, maandazi ya huku, mara mdogo wake anayemsaidia kusuka akatoka mbio huku analia.

"Yaya amekamatwa!"

Yaya kwao ni dada mkubwa. Sasa niambie wewe, mgeni wa Johannesburg ukisikia mwenzio amekamatwa unafikiria nini? Mimi nilifikiria gari la polisi. Na tuna mpango wetu: nakala za vibali vyake nazitunza mimi, zangu anazitunza yeye. Basi nikavuta droo, nikachukua makaratasi, nikajitanda mtandio vizuri kabisa, niende kituoni nikaonekane mtu na heshima zangu.

"Wamempeleka kituo gani?"

"Hapana polisi. Iko hapa nyuma. Ni kuran!"

Eish. Nikabana makaratasi kwapani, nikakimbilia ndani. Nyuma ya ukuta shoga yangu amesimama kwenye maji ya kuoshea nywele yaliyomwagika sakafuni, kashika chuma cha mashine ya kukaushia, mwili mzima unatetemeka, meno yameumana. Nilikuwa nikidhani mtu akinaswa anaachia tu. Haachii. Umeme ukipita mkononi misuli inajikaza, vidole vinafumba vyenyewe. Mdogo wake akanyoosha mikono amvute. Nilimdaka gauni nikamrudisha nyuma.

"Usimguse, utanasa na wewe."

Nikakimbilia kisanduku cha swichi kando ya mlango, nikashusha ile kubwa. Akaanguka. Kisha nikasikia anahema, na sijawahi kupenda sauti yoyote namna ile.

Alipofumbua macho alitazama makaratasi niliyoyabana kwapani.

"Umeniletea vibali?"

"Si nimeambiwa umekamatwa."

"Kuran haiulizake vibali, yaya," akasema, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Hospitali walimpima moyo, wakakuta uko salama. Kiganja ndicho kilichobaki na kovu.

Fundi tuliyemwita alituonyesha swichi ya usalama, ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Mtu wa mwenye nyumba alikuwa ameizungushia waya ili umeme usiipitie, eti kwa sababu ilikuwa inatusumbua kwa kujikata ovyo. Na sisi tulimshukuru! Kumbe muda wote ilikuwa inatuambia mashine ile mbovu. Hasira nilizopata siku hiyo, acha tu.

Tukaweka swichi mpya, mashine tukaitupa. Na neno tukalibadilisha. Hakuna tena kupigwa, hakuna kukamatwa. Mmoja wetu akinaswa, anayeona apige kelele moja tu: zima.

Juzi nilikuwa napiga pasi gauni la bibi harusi. Waya wa pasi umechubuka, mimi najifanya sijauona, ukanilamba kidole. Kabla sijamaliza kusema "yallah", duka zima likawa kiza. Nyuma nikasikia "Zima!", kiti kikaanguka, na shoga yangu akapita mbele yangu mbio, sega bado limechomekwa nyweleni. Aliposimama mlangoni, mkono wake wenye kovu ulikuwa juu ya swichi.

"Yaya, uko?"

"Niko."

Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Mpaka leo anadai ni yeye aliyezima. Mimi nilikuwa gizani tayari wakati bado anaangusha kiti, kwa hiyo najua ni ile swichi mpya iliyowahi. Ila simwambii.